Mwalimu Aliyependa Nyekundu

Mwalimu hakunywa chai. Katika mji wa Kericho, ambako hata mgeni wa kupita hutiliwa kikombe kabla hajataja shida yake, yeye alikunywa maji ya moto matupu na kuyafunika kwa kisahani kana kwamba yana harufu inayoweza kutoroka. Ukimuuliza sababu alikujibu, "Nimeiona sana," basi. Nje ya dirisha lake michai ilianzia nyuma ya kituo cha petroli ikaenda mpaka macho yakachoka, kwa hiyo jibu lenyewe halikuwa baya.

Tulimwita Mwalimu kwa sababu aliwahi kufundisha hesabu na kompyuta katika shule ya wasichana kabla ya kuja kwetu, na kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwita kwa jina. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba ya kiatu, na sweta la kijani kibichi ambalo nadhani alilinunua akiwa bado chuoni. Habari za ukoo wake sizijui vizuri wala sikuwahi kuziuliza. Nilimjua kazini, na mtu aliyekaa nawe meza moja kwa miaka, mvua ya mawe ikipiga mabati kila alasiri, huwa umemjua.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo, na harufu ya dawa ya kupe ilipanda ngazi pamoja nasi kila asubuhi. Tulitengeneza programu ya simu inayotumiwa na makarani kwenye vituo vya kupokea majani ya chai. Mkulima anafika na gunia lake, karani anatafuta jina lake kwenye simu, mizani inasoma kilo, habari zinakwenda kiwandani. Mimi na Kiprono ndio tuliokuwa tukiandika programu hiyo. Kiprono alikuwa jamaa wa Soin, kule chini kwenye joto, na baridi ya Kericho ilimwonea hata akavaa koti zito mwaka mzima. Mwalimu alikuwa mtu wa testi.

Testi ni programu ndogo inayoipima ile kubwa. Inajifanya karani, inamtafuta mkulima wa kubuni, inapima majani ya kubuni, halafu inaangalia kama jibu ni lile linalotarajiwa. Likiwa ndilo, unaona alama ya kijani kwenye kompyuta. Lisipokuwa, unaona nyekundu. Tulikuwa na testi nyingi sana, zote zikijiendesha zenyewe kila mmoja wetu alipobadilisha kitu, na karibu zote aliziandika Mwalimu.

Sisi wengine tulipenda kijani. Kijani kilimaanisha unaweza kufunga kompyuta uende nyumbani. Mwalimu alipenda nyekundu. Nyekundu ikitokea aliinama mbele, akavuta miwani, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwita kuku, "Njoo. Njoo nikuone." Kiprono alikuwa akinikonyeza. Mimi nilikuwa nikicheka, lakini nilimwangalia pia, maana sijawahi kuona mtu mwingine anayefurahi hivyo akiambiwa amekosea.

Na si kwamba alikuwa mpole. Na watu hakuwa na subira hata kidogo. Mkutano ukizidi nusu saa alianza kupanga kalamu zake. Aliwahi kumwambia meneja wetu, mbele ya wageni kutoka Nairobi, "Hiyo umeshasema, tena ulisema vizuri zaidi mara ya kwanza." Mimi mwenyewe alinifokea kwa kuweka kikombe karibu na kibodi, huku yeye akila mahindi ya kuchoma juu ya kibodi yake, punje zikianguka katikati ya herufi. Lakini testi iliyofeli angeikalia siku nzima. Hakuipandishia sauti kamwe.

Alikuwa mtu wa kanisa, tena wa kuimba. Aliombea chakula, aliombea safari, aliombea ng'ombe wa meneja alipokuwa na homa. Testi hakuziombea. Kiprono alipomwuliza kwa utani kwa nini asifunge macho kidogo kabla hazijaanza, alimjibu, "Mungu hana kazi ya kurekebisha uvivu wetu."

*

Akili mnemba ilipofika ofisini, wote tulidhani atakuwa wa kwanza kuikataa. Meneja alituwekea msaidizi ndani ya kompyuta, yule unayemwandikia swali naye anakujibu, anayeweza kusoma programu yako yote na kukuonyesha palipoharibika. Kiprono aliipenda siku hiyohiyo. Mimi niliiogopa kidogo. Mwalimu aliitazama siku kadhaa bila kuigusa, halafu asubuhi moja nikamsikia akiandika kwa vidole viwili, polepole, akijisomea kwa sauti: "Habari ya asubuhi. Mimi ni mtu wa testi. Tafadhali nieleze, bila haraka, kwa nini hii imefeli."

Aliiandikia Kiswahili. Akichoka alichanganya na Kipsigis, nayo ikakwama, naye akaisahihisha kama alivyowasahihisha wasichana wake wa kidato cha kwanza. Aliiambia tafadhali. Aliiambia kongoi, yaani asante, ikimaliza. Sisi hakutuambia kongoi.

"Mwalimu," Kiprono alimwambia siku moja, "hiyo ni mashine. Haijali."

"Najua haijali. Mimi ndiye ninayejali ninavyouliza."

Na kwa kweli tofauti kati yao wawili ilikuwa palepale, kwenye kuuliza. Kiprono alikuwa akiandika: fanya hii testi ipite. Na msaidizi aliifanya ipite. Mara aliiongezea muda wa kusubiri, mara aliiambia ijaribu tena ikishindwa, mara alipunguza ukali wa kile testi ilichodai. Kijani kilitokea. Mwalimu alikuja nyuma yake, akasoma, akavuta pumzi puani.

"Umeiambia nini?"

"Nimeiambia iifanye ipite."

"Basi imekutii. Ungeiuliza inaumwa wapi, ingekuambia. Wewe umeiomba imzibe mtoto mdomo, imeziba. Sasa utamlaumu nani?"

"Lakini Mwalimu, ni kijani."

"Hata nyasi ni kijani."

Usemi wake ulikuwa huo, na alikuwa nao mwingi, lakini sikumbuki aliyewahi kuuandika. Ulikuwa wa kutupiwa mtu anapopita.

*

Kuna kisa kimoja ninachomkumbuka nacho kuliko vyote.

Ilikuwepo testi moja iliyofeli leo ikapita kesho. Haikubadilishwa na mtu. Ilijifelia tu, halafu ukiiendesha tena inapita. Testi za namna hiyo huchosha, kwa sababu huwezi kuziamini zikikataa wala zikikubali. Kazi ya hii ilikuwa kumtafuta mkulima kwa jina. Kila ilipoendeshwa iliokota jina mojawapo kutoka kwenye orodha ya wakulima wa kubuni, ikaliingiza kama karani anavyoliingiza, ikatazamia kumpata mwenyewe.

Sote tulisema ni mtandao. Mwalimu naye alisema ni mtandao, na alilisema kwa ukali kuliko sisi, kwa sababu mvua zilikuwa kubwa msimu huo na mlingoti wa simu ulioko mlimani ulikuwa ukizimika ovyo. Ilipofeli tuliiendesha tena. Ilipopita tuliendelea na mengine. Hivyo kwa wiki kadhaa.

Halafu karani wa kituo kimoja upande wa Mogogosiek akapiga simu. Mimi ndiye niliyepokea, nikaweka spika. Alikuwa na bibi mmoja pale ambaye simu haimpati. Ametafuta, ametafuta tena. Kiwandani jina lipo, kwenye simu halipo, na bila jina mizani haimpokei.

"Amekuwa hapa tangu asubuhi," karani alisema. "Jana pia nilimrudisha na majani yake. Mimi sijui nimfanyie nini."

Nyuma yake tulimsikia bibi mwenyewe, si kwa hasira, kwa mshangao tu.

"Gijana, niulizie hao watu. Mimi iko hapa. Majani iko hapa. Sasa hiyo simu inasema mimi hakuna, mimi ni nani?"

Majani yaliyochumwa hayasubiri. Yakikaa ndani ya gunia yanapata joto, yanageuka rangi, na kazi yote ya asubuhi kwenye umande inakuwa ya kumwagia ng'ombe, na hata ng'ombe hataki. Karani akakata simu kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Mwalimu alikuwa amesimama na maji yake ya moto mkononi.

"Ni spelling," Kiprono alisema. "Karani ameandika vibaya."

Mwalimu aliweka kikombe mezani. Aliketi, akakusanya kumbukumbu zote ambazo testi ile iliacha nyuma yake, za siku ilizopita na za siku ilizofeli, akampa msaidizi, akaandika. Nilikuwa nasoma begani kwake: "Tafadhali usirekebishe chochote. Niambie tu: kuna kitu gani ambacho kipo kila ilipofeli, na hakipo kamwe ilipopita?"

Jibu lilikuja upesi. Lilisema hakuna dalili ya mtandao kukatika. Lilisema kila mara testi ilipofeli, mkulima aliyeokotwa alikuwa na jina lenye ng yenye ritifaa, ile alama ndogo inayoning'inia juu. Na likaonyesha sababu: kiwandani alama hiyo iliandikwa ikiwa imesimama wima, lakini simu za baadhi ya makarani huiandika ikiwa imepinda. Kwa macho ya mtu ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, na kwa hiyo ni watu wawili tofauti, na mmoja wao hayupo.

Mwalimu alivua miwani. Jina lake mwenyewe lina alama hiyo. Ukitembea kutoka Kericho hadi Bomet ukiita watu kwa majina, hutatembea mbali kabla hujamwita mwenye alama hiyo.

"Nimeyasoma majina haya kila siku," alisema. "Sikuyaona. Ni yetu, kwa hivyo sikuyaona."

Hakuwa akiniambia mimi. Nilitaka kumshika mkono lakini hakuwa mtu wa kushikwa mkono.

Kiprono, ambaye tayari alikuwa kwenye kompyuta yake, akasema amepata njia fupi. Alikuwa amemwomba msaidizi aifanye testi itulie, naye akapendekeza yale majina yaondolewe kwenye orodha ya kubuni. Testi isingefeli tena. Alilisema kwa nia njema kabisa; alitaka kumwondolea Mwalimu mzigo.

Mwalimu aligeuka na kiti chake.

"Kwa hivyo sisi ndio tutolewe?"

"Sikumaanisha hivyo, Mwalimu."

"Najua hukumaanisha. Hata hiyo mashine haikumaanisha. Bibi yule naye amerudi nyumbani na gunia, na hakuna aliyemaanisha."

Alasiri hiyo yote walikaa, yeye na msaidizi, na safari hii alimwita Kiprono aketi kando. Msaidizi aliandika marekebisho yanayoifanya programu izione alama hizo mbili kama moja. Mwalimu alisoma mstari kwa mstari. Akauliza je, mtu akiisahau kabisa alama hiyo? Akauliza je, simu za zamani ambazo huweka alama ya tatu, isiyo hii wala ile? Msaidizi alikiri hakufikiria hiyo ya tatu, akaiongeza. Kiprono ndiye aliyekumbuka kwamba watu wengine huacha nafasi baada ya alama. Nilimwona Mwalimu akimtazama kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama, na Kiprono akavua koti lake kwa mara ya kwanza nadhani tangu aajiriwe.

Kesho yake Mwalimu hakuja kazini. Alikwenda Mogogosiek. Alisubiri kituoni pamoja na wakulima mpaka bibi yule akafika na gunia, akamwomba karani amtafute, akasimama hapo mpaka jina likatokea. Karani alinisimulia baadaye kwamba bibi aliisogelea simu, akalitazama jina lake kwa muda, kisha akauliza kwa Kipsigis kama sasa amerudishwa kwenye orodha. Mwalimu akamwomba msamaha mbele ya foleni yote, akamsaidia kutundika gunia kwenye mizani.

Kwetu hakusimulia kitu. Lakini testi hupewa majina, ili ikifeli ujue ni ipi, na sisi tuliyaandika majina hayo kwa Kiingereza kikavu. Ile aliipa jina jipya: bibi wa Mogogosiek harudishwi nyumbani. Kila tulipoendesha testi sentensi hiyo ilipita kwenye kioo, na mbele yake alama ya kijani.

*

Nisije nikamfanya mtakatifu. Kulikuwa na siku msaidizi alimpotosha naye akakubali bila kuangalia, kwa sababu alikuwa amechoka na alikuwa na mafua. Testi ya kilo ilikuwa nyekundu, msaidizi akaeleza kwa ufasaha mkubwa tatizo ni nini, akaitengeneza, kijani, Mwalimu akafunga. Asubuhi iliyofuata alikuja na uso wa mtu ambaye hakulala vizuri. Akafungua programu, akaiharibu kwa makusudi, akaiambia kila gunia liandikwe sifuri. Akaendesha testi. Kijani. Mkulima wa kubuni alileta gunia zima akaandikiwa sifuri, na testi ikasema sawa kabisa.

Ndipo tulipoona kwamba marekebisho yale yaliifanya testi ilinganishe jibu la programu na jibu lilelile la programu. Ilijiuliza, ikajijibu, ikajipa maksi.

"Testi isiyoweza kufeli," Mwalimu alisema, "ni mbwa aliyekufa. Hambwekei mgeni, na wewe unasema boma lina amani."

Akamwandikia msaidizi alichokiona. Msaidizi akakubali kosa waziwazi, akaeleza lilipotokea, akapendekeza njia nyingine.

"Angalau huyu anakubali," Mwalimu alisema bila kugeuka. "Kiprono, unasikia?"

"Nasikia, Mwalimu."

Tangu siku hiyo, kila testi iliyotengenezwa, na mtu au na msaidizi, tuliivunjia programu yake kwanza tuone kama itapiga kelele. Bado tunafanya hivyo. Kiprono huwafundisha wageni wa ofisini bila kusema alikotoa.

*

Mimi ni Mkisii. Wazazi wangu walikuja kuchuma chai katika mashamba makubwa, nami nikalelewa kwenye nyumba za wafanyakazi, zile zilizopangwa mstari mmoja, na pamoja na kwamba sijawahi kuishi kwingine, kuna misimu, hasa ya uchaguzi, ambapo watu hunikumbusha kwamba nina kwetu kwingine. Siku moja ya misimu hiyo mtu wa duka la chini alinitania kwenye ngazi, akaniuliza nafunga mizigo lini. Nilicheka kama inavyopasa. Nilipofika mezani sikuweza kuandika.

Mwalimu alikuwa amesikia. Ngazi zetu hazikuwa na siri. Hakuniambia pole. Aliandika kitu kwa vidole vyake viwili, akanigeuzia kioo. Kwenye orodha ya wakulima wa kubuni, juu kabisa, kabla ya majina yote, alikuwa ameandika Kemunto, ndilo jina langu, na kituo chake, Kericho mjini.

"Testi zote zinaanza na wa kwanza," alisema. "Ukihama, zote zitafeli. Na mimi sina nguvu ya kuziandika tena."

Halafu akarudi kwenye mahindi yake.

*

Aliondoka kwa sababu ya mume wake. Mzee alipata kiharusi akiwa shambani kwao Londiani, mkono wa kulia ukalala, na maneno yakapotea. Meneja alimwambia Mwalimu anaweza kufanyia kazi nyumbani. Alijaribu. Lakini kumgeuza mtu kitandani, kumlisha, kukamua, kupeleka viazi sokoni, na katikati ya hayo mtu akupigie simu kukuuliza kwa nini kitu kimekuwa chekundu, haikuwezekana. Alikuja siku moja kuchukua kikombe chake na kisahani. Alituaga kwa mkono. Kiprono alitaka kusema maneno machache, Mwalimu akaanza kupanga kalamu ambazo hazikuwa zake tena, basi Kiprono akanyamaza.

Hakuletwa mtu mwingine mahali pake. Meneja alisema msaidizi anatosha, na kwa kazi nyingi msaidizi alitosha kweli. Sitamsingizia. Testi zikifeli tunamwuliza, anatafuta, anapata, mara nyingi anapata upesi kuliko Mwalimu. Nami namwuliza kama nilivyofundishwa, sababu kwanza, marekebisho baadaye.

Lakini kiti chake kilibaki kando yangu. Alasiri mvua ikianza najikuta nimegeuka upande ule nikitaka kusema, "Mwalimu, njoo uone hii." Nyekundu ya kuvutia haina raha ukiwa peke yako. Unaieleza, unajibiwa vizuri, unarekebisha, inaisha. Hakuna aliyeinama mbele. Hakuna anayeiita kama kuku. Na majina aliyoyaacha yanapita kwenye kioo kila siku, sauti yake ileile, kali na fupi: karani akikosea asionewe. Gunia tupu ni tupu. Mkulima aliyekufa haleti majani. Nayasoma yote mpaka mwisho hata nikiwa na haraka.

*

Jumamosi moja nilikwenda Londiani. Nilibeba kompyuta.

Nyumba yao iko juu kidogo ya barabara, na nyuma yake msitu unaanza, mweusi na wa baridi. Mzee alikuwa ameketishwa juani, blanketi magotini. Mwalimu alikuwa kwenye kigoda kando yake, beseni la viazi mbele yake, kisu mkononi, sweta lilelile.

"Chamgei, Mwalimu."

"Chamgei mising." Alinitazama kutoka miguuni mpaka kichwani. "Kemunto. Umekonda. Huko mnakula kijani tu?"

Nilimsalimia mzee. Alinipa mkono wa kushoto, akafungua kinywa, neno likachelewa. Nilifungua changu nimsaidie. Mwalimu akaninyooshea kidole, bila ukali, nikakifunga. Tukasubiri. Ng'ombe alilia mahali fulani. Mwishowe mzee akasema, "Karibu," neno zima, na Mwalimu akaendelea kumenya kama vile hakuna jambo kubwa lililotokea.

Nilimpa habari za ofisi. Kiprono ameoa. Duka la chini limepata mwenyewe mpya. Alisikiliza, akauliza kidogo. Hatimaye akaelekeza kisu kwenye mfuko wangu.

"Hiyo umebeba ya nini?"

"Kuna testi ilinisumbua, Mwalimu. Simu ikipoteza mtandao katikati ya kupima, gunia moja linaandikwa mara mbili. Lakini si kila mara."

"Umemwuliza msaidizi?"

"Nimemwuliza."

"Ulimwuliza vizuri?"

"Nilimwuliza vizuri."

"Akasema nini?"

"Alipata sababu. Tumerekebisha juzi. Nimevunja programu, testi imelia, nimerudisha, imepita."

Kisu kilisimama. "Sasa umekuja na kompyuta kufanya nini?"

Nilikuwa nimepanga jibu njiani kote, la kikazi, la maana. Halikuja.

"Nimekuja kukusalimia," nikasema.

Aliangalia chini kwenye beseni. Nilifikiri nimemkosea. Alipoinua uso alikuwa ameanza kujifuta udongo mikononi kwa ncha ya kanga, kidole kimoja kimoja.

"Fungua," alisema.

"Lakini imeshapona, Mwalimu."

"Irudishe ilivyokuwa ikiumwa."

Nikaweka kompyuta juu ya kigoda kingine, nikayatoa marekebisho yote, nikaendesha. Majina yake yakapita moja moja, kijani, kijani, kijani, naye akiyafuata kwa midomo. Kisha mstari mmoja ukasimama mwekundu katikati ya kioo.

Mwalimu akavuta miwani. Akainama mbele.

"Usiniambie," alisema. "Wala usimwulize yule msaidizi. Acha nitafute."

Mzee alikuwa amesinzia juani. Nikachukua kisu cha Mwalimu, nikalivuta beseni kwangu, nikaendelea na viazi.